Barua ya udahili inanidai kozi tano za shahada ya kwanza: nianze wapi?

Swali: "Assalamu alaykum Mwalimu. Nina shahada ya sayansi na elimu, fizikia na hisabati, kutoka Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na nasomesha skuli ya sekondari Wete, Pemba. Nimepata udahili wa uzamili wa uhandisi wa umeme katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, kuanzia Agosti mwakani. Barua yao inasema nimekubaliwa kwa sharti: nimalize kozi tano tangulizi za shahada ya kwanza, yaani milinganyo ya diferensia (differential equations), aljebra ya mistari (linear algebra), saketi ya kwanza, saketi ya pili (circuits), na ishara na mifumo (signals and systems). Kila moja nipate B au zaidi, na zote ziishe ndani ya mwaka wa kwanza. Hisabati nimeshaisoma, fizikia nimeshaisoma. Je, naweza kusamehewa? Naweza kuzimaliza huku huku? Zitahesabiwa kwenye uzamili wangu? Kaka yangu ananambia nikubali tu, mengine nitayajua huko huko."

Wa alaykum salaam, binti yangu, na hongera sana. Waliokuandikia barua hiyo wameiona transkripti yako, wakaona hukusoma uhandisi, na bado wamekutaka. Usiisome kama barua ya nusu udahili. Umekubaliwa, ila umepewa deni la kulipa.

Nianze na majibu mafupi. Zile kozi mbili za hisabati unaweza kuomba usamehewe, au ukazimaliza hapa nyumbani kabla ya safari. Saketi na ishara utazisoma kule, na hata wakikupa mlango wa kuzikwepa nakuomba usiupite. Kuhesabiwa, usitegemee. Uzamili wa uhandisi Marekani kwa kawaida ni kredi 30 au zaidi kidogo (kredi ni kipimo cha uzito wa kozi), na kozi tangulizi hukaa nje ya hizo. Utazisoma, utazilipia, zitaonekana kwenye transkripti, lakini hazikusogezi kwenye zile 30. Kaka yako anakutakia heri, lakini ushauri wake usiufuate. Mambo haya yana majibu leo, na majibu hayo yanaamua utakaa miaka mingapi na kwa fedha za nani.

Wengi wakipokea barua kama yako huhesabu kozi. Tano, gawa kwa mihula miwili, tatu Agosti na mbili Januari, kwisha. Hesabu hiyo haifanyi kazi, kwa sababu kozi hizi zinasubiriana. Swali lako la kwanza liwe ipi inatangulia ipi.

Saketi ya kwanza ni sheria za Ohm na Kirchhoff, umeme wa betri, na mbinu za kupanga milinganyo mingi kwa pamoja. Mwalimu wa fizikia hatapotea humo. Saketi ya pili inahamia kwenye umeme wa gridi, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde kwetu na mara 60 kule, na hapo namba changamano na ugeuzaji wa Laplace, mbinu ya kuugeuza mlinganyo wa diferensia kuwa aljebra, huingia kwa nguvu. Idara nyingi hazikuruhusu kuigusa kabla hujamaliza saketi ya kwanza na milinganyo ya diferensia. Ishara na mifumo nayo hudai milinganyo hiyo hiyo, na idara nyingine hutaka saketi ya pili iwe imekwisha. Kisha kozi za uzamili zenyewe, za udhibiti wa mifumo, mawasiliano, na nyingi za gridi, zinaidai ishara na mifumo.

Sasa chukua karatasi uchore. Ukifika bila milinganyo ya diferensia, Agosti utasoma milinganyo na saketi ya kwanza. Januari utasoma saketi ya pili, na pengine ishara. Kozi za uzamili zinazotegemea ishara utazianza Agosti ya mwaka wa pili. Hiyo ndiyo hali nzuri. Hali mbaya ni idara inayofundisha ishara na mifumo kila Agosti tu. Utakuwa umemaliza milinganyo Desemba, halafu unasubiri Agosti nyingine, na kozi zilizokuleta kule zinaanza Januari ya mwaka wa pili. Na angalia jambo hili: kwa ratiba kama hiyo, sharti la "ndani ya mwaka wa kwanza" haliwezi kutimizwa hata na mwanafunzi hodari. Aliyeandika barua huenda hakuitazama ratiba. Ndiyo maana lazima uitazame wewe. Vyuo vya Marekani huweka orodha ya kozi zao mtandaoni, na chini ya kila kozi kumeandikwa inatanguliwa na ipi na mara nyingi inatolewa muhula gani. Kazi hiyo ni ya jioni moja. Ifanye wiki hii.

Ukishachora, utaona mwenyewe kwamba kozi yenye thamani kubwa kuliko zote tano ni milinganyo ya diferensia. Ndiyo iliyoshika nyingine. Ukiimaliza kabla ya Agosti umeokoa muhula mzima, pengine mwaka. Aljebra ya mistari haina uzito huo, kwani unaweza kuisoma sambamba na nyingine bila kuchelewesha kitu.

Tuje kwenye msamaha. Usiwaandikie ofisi ya udahili, maana wao hawana uamuzi. Mwenye uamuzi ni mratibu wa masomo ya uzamili katika idara, na mara nyingi yeye humuuliza profesa anayefundisha kozi husika. Profesa huyo hajui SUZA inafundisha nini. Anachoona ni jina la kozi kwenye transkripti, na majina yanaficha mengi. Mtu aliyesoma fizikia huenda alifundishwa milinganyo ya diferensia ndani ya kozi ya mbinu za hisabati kwa wanafizikia, bila neno hilo kutokea popote kwenye jina. Kwa hiyo mpelekee silabasi yenyewe: mada kwa mada, saa za mihadhara, kitabu kilichotumika, na mhuri wa idara. Ukipata karatasi ya mtihani wa mwisho wa kozi hiyo, iambatanishe. Katika mambo haya karatasi ya mtihani ina nguvu kuliko barua ya sifa, kwa sababu inaonyesha kina.

Kuna suala la alama pia, nalo limewaumiza vijana wetu wengi bila wao kujua. Vyuo vyetu vingi Tanzania hutoa A kuanzia alama 70. Marekani 70 kwa kawaida ni C. Mtu aliyekwenda na 68 ya hapa, alama ya heshima kabisa, anaweza kusomwa kule kama aliyeponea chupuchupu. Hakikisha ufunguo wa alama wa chuo chako, yaani jedwali linaloonyesha kila herufi ni alama ngapi, umeambatana na transkripti, na katika barua yako taja herufi uliyopata, sio asilimia. Kwa vile utafika mpaka Tunguu, kwenye kampasi ya SUZA, kufuata mihuri, ulizia na utaratibu wa kutuma transkripti moja kwa moja kutoka chuo kwenda kule, maana nakala uliyoishika mkononi mara nyingi haikubaliwi. Kwa mtu wa Wete hiyo ni safari ya boti na gharama, basi panga shughuli zote ziishe kwa mara moja.

Kabla hujaomba msamaha, jipime kwa uaminifu. Bila daftari, tatua mlinganyo wa diferensia wa daraja la pili wenye koefishenti zisizobadilika. Tafuta kinyume cha matriksi ya tatu kwa tatu, kisha eleza lini kinyume hicho hakipo. Mkono ukienda, omba msamaha ukiwa na haki yako. Mkono ukikwama, usiombe. Idara nyingine watakupa mtihani wa kupima kabla ya kukusamehe, na huo ni utaratibu mzuri. Lakini wapo watakaokusamehe kwa karatasi tu, na hapo ndipo pana hatari. Kozi ya uzamili haisimami kumngoja mtu aliyesahau Laplace. Na vyuo vya kule hutaka mwanafunzi wa uzamili ashike wastani wa 3.0 kati ya 4.0. Ukianguka chini yake unapewa onyo, na ukiendelea unaondolewa.

Nimesema usikwepe saketi, nikueleze kwa nini. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa kebo inayopita chini ya bahari kutoka Tanga, kwa volteji ya kilovolti 33. Hebu fikiri: usiku wa manane, watu wamelala, tuseme kila swichi ya Pemba imezimwa. Je, kuna mkondo ndani ya kebo ile? Upo, na si mdogo. Shaba iliyo ndani na ngao iliyo nje, zikiwa zimetengwa na plastiki kwa makumi ya kilomita, zinakuwa kapasita moja ndefu, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, na umeme wa gridi unaijaza na kuimwaga mara kwa mara bila ya kuwasha hata taa moja. Mkondo huo unakula nafasi ya kebo, na unaweza kupandisha volteji mwisho wa laini mahali ambapo watumiaji ni wachache. Mhandisi anayeitunza laini kama hiyo lazima aujue, na dawa yake ni vifaa vinavyouvuta upande wa pili. Hakuna njia ya kulielewa jambo hilo bila saketi ya pili. Fizikia ya ualimu imekufundisha kapasita ni nini. Haikukufundisha kuitafuta ndani ya mtandao wenye nyaya tatu na transfoma. Ndiyo maana wamekudai, na wamekudai kwa haki. Sijui kama unakusudia kurudi kufanya kazi ya umeme huku kwetu. Kama ndivyo, hiyo ndiyo kozi itakayokufaa kila siku.

Isitoshe, saketi huwa na maabara. Kwa sababu hiyo kuzimaliza nyumbani au kwa njia ya mtandao ni kugumu zaidi kukubaliwa kuliko hisabati. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni, Unguja, inasomesha uhandisi wa umeme, na ukipata ruhusa ya kukaa kwenye maabara yao kwa mwezi mmoja wa likizo, ushike osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme) na kifaa cha kusomea volteji, utakwenda Marekani na mikono isiyotetemeka. Hata kama hawatakupa kredi, nenda.

Hisabati ndiyo ya kumalizia hapa. Unaweza kuuliza SUZA kama watakupokea kusoma kozi moja bila ya kujisajili shahada nzima. Uliza pia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina kituo Pemba na kimejengwa kwa ajili ya watu walio kazini. Vipo na vyuo vya Marekani vinavyofundisha milinganyo ya diferensia mtandaoni na kutoa transkripti. Hivyo hukubaliwa kwa wepesi zaidi, ila ada yake ni ya dola. Popote utakapochagua, usijisajili kabla mratibu wa idara hajakuandikia kwamba kozi ile, ya chuo kile, ataipokea. Simu haitoshi, na "nadhani itafaa" haitoshi. Na angalia kalenda: vyuo vyetu vingi huanza mwaka Oktoba au Novemba, na muhula wa pili humalizikia katikati ya mwaka unaofuata. Ukiisoma kozi muhula wa pili, matokeo rasmi yanaweza kutoka wakati wewe umeshapanda ndege. Isome muhula wa kwanza.

Masomo ya bure ya mtandaoni ya MIT OpenCourseWare, ya chuo cha MIT cha Marekani, na ya NPTEL ya taasisi za teknolojia za India, ni mazuri mno na nakusihi uyatumie. Yote mawili yana milinganyo, saketi, na ishara na mifumo, pamoja na mazoezi. Lakini kuyapitia peke yake hakukupi alama kwenye transkripti ya chuo, basi ni ya kujiandalia tu. Kwa maoni yangu, aliyejiandaa kwa miezi sita ya kweli na masomo hayo atapata B ile bila shida.

Fedha. Barua ya ufadhili, kama unayo, isome upya ukiwa na swali hili moja: je, inalipia kozi za shahada ya kwanza? Mara nyingi msamaha wa ada unaoambatana na kazi ya kusaidia kufundisha au utafiti hulipia kozi za uzamili peke yake, na kozi tangulizi zinabaki juu ya mwanafunzi. Kozi nne au tano kwa ada ya mgeni si fedha ya mshahara wa mwalimu. Kama unaomba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, waonyeshe muda halisi na ada halisi, pamoja na muhula wa kozi tangulizi. Na ruhusa ya masomo kutoka Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ni hivyo hivyo. Ukiomba miaka miwili na mchoro wako unaonyesha miwili na nusu, utajikuta unaomba nyongeza ukiwa mbali, na mshahara wako na nafasi yako viko mashakani. Omba muda wa kweli tangu mwanzo, na uambatanishe barua ya chuo inayoueleza.

Viza nayo imefungamana na haya. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, ambayo ndiyo viza ya masomo, lazima asome muda kamili kila muhula wa kawaida, na kwa uzamili chuo ndicho kinachosema ni kredi ngapi. Vingi husema 9. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikuandikie kwamba kozi tangulizi zinahesabiwa kwenye muda kamili, kwa sababu kama hazihesabiwi utalazimika kubeba mzigo usiobebeka muhula wa kwanza. Katika kredi hizo kozi ya mtandaoni inahesabiwa moja tu, isiyozidi kredi 3. Hati ya I-20, ile ambayo chuo hukupa ya kuombea viza, inabeba tarehe ya mwisho wa masomo, basi hakikisha tarehe hiyo imezingatia muhula wa ziada, maana kuiongeza baadaye kunawezekana lakini lazima uombe kabla haijapita. Masharti ya viza ya Marekani kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo thibitisha hali ilivyo kabla ya kulipa ada yoyote isiyorudishwa.

Wasomaji wengine wanaokwenda kwingine nao wana deni la namna hii kwa sura nyingine. Uturuki, ambako vijana wengi wa visiwani wanasoma, anayebadilisha fani hupelekwa kwanza kwenye maandalizi ya kisayansi yasiyozidi mihula miwili, na muda huo hauingii kwenye muda wa uzamili. Ujerumani idara huorodhesha moduli za kufidia, na kwa kawaida huzidai katika mwaka wa kwanza.

Lipo jambo moja hukuliuliza, lakini ningekuwa na binti yangu ningemwambia. Bodi za usajili wa wahandisi huitazama sana shahada ya kwanza. Uzamili wa uhandisi uliojengwa juu ya shahada ya ualimu unaweza kukupa ujuzi na kazi ya utafiti au ya kusomesha chuoni, na bado ukapata maswali siku unapotaka kusajiliwa kama mhandisi. Wapelekee bodi mpango wako sasa, ukiwa na orodha ya kozi zile tano, uwaulize kama zitatosha. Jibu lao linaweza hata kukufanya uombe kozi ya sita.

Sasa barua yenyewe. Mwandikie mratibu wa idara, nakala kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa ufupi na kwa adabu. Mshukuru, kisha mwombe akubali silabasi ulizoambatanisha kwa milinganyo na aljebra, au aseme ni kozi ipi ya nyumbani atakayoipokea. Muulize ishara na mifumo inafundishwa muhula upi, na kama unaweza kuisoma pamoja na saketi ya pili. Muulize ni kozi gani za uzamili unazoruhusiwa kusoma muhula wa kwanza sambamba na tangulizi, maana huenda idara ina moja au mbili zisizodai saketi. Muulize ukipata B kasoro (B-), unarudia kozi au unaondolewa, na kama usajili wako utafungwa. Mwisho, ikiwa ratiba yao wenyewe hairuhusu kumaliza ndani ya mwaka, mwombe abadilishe sharti kwa maandishi sasa hivi.

Tuma kabla ya kulipa fedha ya kuthibitisha nafasi. Zikipita wiki mbili kimya, kumbusha. Tarehe ya kuthibitisha ikikaribia na bado hujajibiwa, omba waisogeze mbele. Ni ombi la kawaida na hukubaliwa mara nyingi. Wakikataa kusogeza na wakakataa pia kukuandikia, mimi ningeomba kuahirisha udahili kwa mwaka mmoja, nikasoma mwaka huo milinganyo na aljebra huku mshahara wa skuli ukiendelea kuingia.